Miguu ya Inzi

Mdogo wangu Lekishon alikuwa amekifunga kwenye gazeti, juu ya gazeti mfuko wa rambo, juu ya mfuko kipande cha shuka, na bado nilikijua kabla sijakifungua. Harufu ilitangulia. Ugoro wa siku nyingi, mafuta ya kondoo, moshi wa ndani ya nyumba ya samadi, na chini ya vyote hivyo kitu kichachu ambacho sijawahi kukipatia jina, ila koo langu linakijua. "Koko alisema upewe wewe," Lekishon aliniambia, amesimama mlangoni kwangu Karatu na vumbi la kutoka Kakesio limemjaa mpaka kwenye nyusi. "Wewe ndiye ulikuwa mkono wake." Bibi yetu, Koko tulivyomwita kwa Kimaasai, tulikuwa tumemzika muda si mrefu. Nikamshukuru mdogo wangu, nikampa chai na chapati, nikamsindikiza, kisha nikarudi kunawa mikono kwa sabuni mpaka ngozi ikakunjamana.

Ni kibano. Chuma chembamba kisichozidi kidole cha mtoto, kimekunjwa katikati na mhunzi ambaye bila shaka naye alishazikwa, midomo yake inakutana sawasawa mpaka leo, na kwenye kikunjo pana tundu la kupitisha kamba ya ngozi. Wenzangu wa rika langu mliokulia maboma ya Ngorongoro mnakijua bila kuelezwa. Wengine mlikiona shingoni kwa mama zenu katikati ya shanga mkadhani ni pambo, na mkakua hivyohivyo mkidhani ni pambo. Heri yenu. Mimi nilijua kazi yake kabla sijaota meno ya ukubwani.

Niseme mapema kwamba mimi ni mtu wa kinyaa, na sioni haya. Ninasimamia usafi wa vyumba katika loji moja hapa mjini, na wasichana ninaowasimamia wananiita Mama Spiriti nikishawapa mgongo. Kuna mgeni mmoja aliwahi kunionyesha picha kwenye simu yake, mtoto wa Kimaasai wa huko tunakotoka, inzi wamemzunguka macho yote mawili kama wanywaji kwenye kisima. Akaniambia mtoto huyo ni mzuri ajabu, amemgusa moyo. Nikatabasamu, maana ndiyo kazi yangu. Moyoni nilitamani nimcharaze na taulo lililoloa.

Macho ya Koko yalikuwa mabovu tangu nimjue. La kushoto lilishakufa, jeupe kama maziwa yaliyomwagiwa maji, na la kulia lilikuwa linaelekea hukohuko. Kope zake zilikuwa zimegeuka. Badala ya kutazama nje kama kope za watu, zilikuwa zimelala ndani, na kila alipopepesa zilikuwa zinakwaruza jicho. Alikuwa anasema ni kama mtu amemmwagia mchanga halafu akamwambia asifumbe. Machozi hayakumkauka. Yalikuwa yanashuka mfululizo kwenye mikunjo ya mashavu, na pale yalipopita ngozi ilikuwa imebabuka, na juu ya kubabuka huko palikuwa na tongotongo la manjano, na juu ya tongotongo palikuwa na inzi.

Dawa ya kope hizo ilikuwa kibano, na mkono wa kibano ulikuwa wangu. Mama yangu alijaribu kabla yangu akashindwa, kwa sababu vidole vyake vilikuwa vimekomaa kwa kukamua na kukandika nyumba, na mara kadhaa alikata ukope katikati badala ya kuung'oa. Ukope uliokatika ni mbaya kuliko mzima. Unabaki kisiki kigumu kinachochoma kama mwiba wa mgunga, na Koko alikuwa analia usiku kucha. Basi wakanichagua mimi, mwenye vidole vidogo na macho makali, na hakuna aliyeniuliza kama nataka.

Kazi ilikuwa asubuhi, ng'ombe wakishatoka, jua likishaingia mlangoni vizuri. Koko alikuwa analala chali na kichwa chake juu ya mapaja yangu. Mimi nilikuwa nachovya kidole kwenye majivu ili kisiteleze, nainua ngozi ya jicho, natafuta. Kope nyingine zilikuwa nene, zinaonekana upesi. Nyingine zilikuwa nyembamba, rangi hafifu, zimezama kwenye ute, na ilinibidi niinamishe uso wangu karibu kabisa na uso wake mpaka nikalihisi joto la jicho lile kwenye midomo yangu. Hapo ndipo kile kitu kichachu kilipokuwa kinakaa. Nilikuwa nameza mate, nabana kibano, navuta taratibu kufuata mwelekeo wa ukope, na ngozi ilikuwa inainuka kidogo, inang'ang'ania, halafu inaachia. Koko hakuwa analalamika. Alikuwa anasema tu, "Mwingine."

Ukope ukishatoka nilikuwa naupaka mgongoni mwa mkono wangu wa kushoto, wa pili unafuata, wa tatu unafuata, maana Koko alitaka kuzipapasa mwishoni ahakikishe zimetoka na mzizi. Kisha alikuwa anafuta kibano kwenye pindo la shuka lake. Mnisamehe, lakini lazima niwaambie habari za pindo lile. Ndilo lililomfuta Lekishon kamasi na matongo. Ndilo lililoshika sufuria ya moto. Na kibano chenyewe hakikuwa cha kope za Koko tu. Jirani akija na jicho lake, hichohicho. Mbuzi akichomwa na mwiba kwenye kwato, hichohicho, halafu pindo, halafu shingoni katikati ya shanga, kikisubiri asubuhi.

Sasa katika kuinama kule kila siku nikagundua jambo, au niliamini nimeligundua. Ukope ukiutazama mkononi ni mweusi, mgumu, umepinda kidogo, na mwisho wake una kitu cheupe kilicholowa kama unyayo. Na inzi aliyekuwa anatua kwenye jicho la Koko nilikuwa namwona kwa karibu kuliko mtu yeyote pale bomani, akisugua miguu yake myeusi, migumu, iliyopinda. Nikaunganisha. Inzi anatua, mguu unanasa kwenye ule ute, yeye anaruka anauacha, na mguu unaota mizizi. Kwa nini kope zilirudi kila nikizing'oa? Kwa sababu inzi walirudi kila wakifukuzwa. Nilikuwa nang'oa miguu ya inzi. Nilivyolijua hilo nikaenda nyuma ya nyumba nikatapika uji wote.

Kuanzia siku hiyo nikawa adui wa inzi, na hili halikuwa jambo dogo. Kwetu inzi si mchafu. Inzi anafuata ng'ombe, na mwenye inzi wengi ndiye mwenye zizi limejaa. Mama aliyejifungua akitembelewa, wageni wakaona inzi wamemjaa mtoto usoni, walikuwa wanafurahi, maana yake nyumba ina maziwa. Koko alikuwa na usemi wake, "Nyumba isiyo na inzi, wageni hawalali," akiwa na maana kwamba hapo hakuna cha kunywa. Mtoto mwenye uso mkavu usio na inzi alikuwa anaonewa huruma, kwamba baba yake ni fukara.

Mimi nilimtazama Lekishon, ambaye wakati huo alikuwa anatambaa, macho yake mazuri yamezibwa na matongo, inzi wamepanga foleni, nikaona jinsi atakavyokuwa na kichwa mapajani kwa mtu. Nikaanza kumwosha. Maji tulikuwa tunayafuata mbali na punda, na yalikuwa ya chai na ya ndama wagonjwa, si ya uso wa mtoto. Nilikuwa naiba kidogo kwenye birika, namficha nyuma ya zizi la mbuzi, namsugua anapiga kelele, halafu nakaa naye nikimpepea kwa kijiti. Uso wake ukaanza kung'aa. Nilipenda kuutazama kuliko kitu chochote.

Koko alinikamata siku moja, si kwa kuona, kwa kusikia kelele. Akampapasa Lekishon uso, akaukuta umelowa na baridi, hauna hata inzi mmoja. "Umemfanya nini mtoto?" akaniuliza.

"Nimemwosha, Koko. Inzi wanaacha miguu."

"Unafukuza ng'ombe wa baba yako?" akasema, na kofi likanipata sikioni barabara kwa mtu asiyeona vizuri. "Wewe una moyo wa umaskini. Nani alikufundisha?"

Na kama mkosi, siku hizohizo mtamba wa baba, mweupe mwenye madoa ambaye tulimtegemea azae, akafa kwa ugonjwa wa ndigana. Hakuna aliyesema waziwazi kwamba ni mimi. Walinitazama tu. Birika likahamishiwa upande wa kitanda cha Koko, na uso wa Lekishon ukarudi kuwa mali ya inzi.

Kilichofanya mambo yote haya yawe na uzito ni shule. Mwenyekiti wa kijiji alikuwa ameshakuja mara nyingi kumwambia baba apeleke mtoto, na baba, ambaye alipenda kumaliza maneno upesi, alikuwa amekubali kumtoa mmoja. Wa kiume ni wa ng'ombe, kwa hiyo ni mimi. Shule ilikuwa ya bweni, kule Endulen, nilikuwa nimeambiwa kwamba huko watoto wanalala kwenye vitanda vya chuma na kila mmoja ana ndoo yake. Ndoo yake! Nilikuwa naiota ile ndoo. Lakini Koko alipoulizwa alijibu neno moja tu. "Na jicho langu?" akasema. Hakuwa mkatili. Alikuwa na jicho moja, na jicho hilo lilikuwa mikononi mwangu. Nikienda shule, yeye anakuwa kipofu. Nikibaki, mimi nitang'oa miguu ya inzi mpaka atakapokufa, au mpaka nitakapoolewa, na huko kwa mume pengine nitamkuta bibi mwingine mwenye kibano.

Basi hivyo ndivyo mambo yalivyosimama msimu ule gari la macho lilipofika Kakesio. Lilikuwa Landrova la zamani, na pamoja na dereva alikuwemo nesi mmoja, mama wa makamo, mfupi, Mwiraqw wa Kansay. Kimaasai alikuwa nacho, cha kukwaruza, kilichobeba Kiiraqw chake kooni, lakini hakuona aibu kukitumia. Alipita boma kwa boma akiwaita watu waje kutengenezwa kope zahanati. Alitukuta mlangoni, Koko kalala, mimi nimeinama, mkono wangu wa kushoto umejaa kope.

Nikainamisha kichwa anisalimie kwa kukigusa. Akanigusa, kisha akanishika mkono na kuutazama kwa muda. "Kazi yako?" akaniuliza. Nikaitikia. Akafungua boksi lake la bati, na humo nikaona kibano. Kilikuwa ndugu wa kile cha Koko, umbo lilelile, ila kiling'aa mpaka nikaona jicho langu mwenyewe ndani yake, na kilitoa harufu kali, safi, iliyopanda puani na kufagia kila kitu kilichokuwa humo. Hiyo ndiyo ilikuwa mara yangu ya kwanza kunusa spiriti. Watu wengine wanakumbuka pilau la sikukuu. Mimi nakumbuka hiyo.

"Koko, niruhusu nitazame," nesi akasema. Akanawa mikono kwa maji aliyokuja nayo, akachukua kijiti chenye pamba, na kwa mzunguko mmoja wa vidole akaigeuza ngozi ya jicho ndani nje, kama mtu anayegeuza mfuko wa suruali. Nilikuwa nimelitazama jicho lile kila siku ya maisha yangu na sikujua kwamba lina upande wa ndani. Palikuwa pekundu, pamevimba, na katikati pamepita makovu meupe yaliyokazana kama mshono wa kiatu. Usaha ulikuwa umekaa kwenye mikunjo.

"Unaona hapa?" nesi akaniambia mimi, si baba aliyekuwa amesogea, si mama. "Hili kovu linavuta ngozi kwa ndani. Kope hazina kosa. Zimevutwa. Ukizing'oa zinaota tena, na zinakuta njia ileile."

"Si kope," nikasema. "Ni miguu ya inzi."

Baba alicheka. Mama alicheka kwa kufunika mdomo. Hata dereva aliyekuwa ameegemea ua wa miiba alicheka. Nesi hakucheka. "Nani kakuambia?"

"Nimeona mwenyewe."

"Miguu haioti," akasema. "Lakini uchafu unaoleta kovu hili, inzi anaubeba miguuni. Anautoa jicho hili anaupeleka jicho lile." Akamnyooshea kidole Lekishon. "Anaanza na wa umri huu. Mtoto akioshwa uso, hapatwi."

Sijui kama mmewahi kuwa na ushindi mbele ya watu wazima. Mimi nilikuwa nao huo mmoja, na nilitaka kuruka. Lakini Koko aliinuka kitako, machozi yanamtiririka, na sauti yake ilikuwa nzito. "Inzi wa ng'ombe wangu ndio wamenipofusha? Umekuja nyumbani kwangu kuniambia nipunguze ng'ombe?"

"Ng'ombe abaki, Koko. Inzi ndiye aondoke."

"Na wewe kwenu mnalima mahindi, utajuaje," Koko akamjibu, na hilo nalo lilichekesha watu.

Nesi hakukasirika. Alimwambia taratibu kwamba jicho la kulia limeanza kuingia ukungu, kwamba atamkata kidogo tu ngozi ya juu na kuigeuza ikae inavyotakiwa, kwamba ataweka dawa ya ganzi na hatasikia kitu. Koko akauliza atakata na nini. Nesi akamwonyesha. Koko akakipapasa kisu kile kidogo upande wa mgongo wake, akakirudisha haraka. "Jicho hili ni la mwisho," akasema. "Sitalipeleka kwenye kisu. Nina mtoto huyu." Akaweka mkono wake juu ya goti langu, na nikajua kwamba ndoo ya Endulen imemwagika.

Nesi akaondoka. Jioni Koko aliniita nimtoe ukope mmoja uliokuwa unamsumbua, jua lilikuwa bado halijazama. Nikainama. Harufu ilikuwa mbaya kuliko siku zote kwa sababu sasa nilijua ndani kukoje. Niliung'oa ule ukope, nikaupaka mkononi, akauliza kama upo mwingine, nikasema hakuna, ingawa zilikuwapo. Hakuinuka, kichwa chake kikabaki palepale mapajani.

Asubuhi, kabla ng'ombe hawajatoka, akamwambia baba atandike punda. "Unapelekwa wapi?" baba akauliza kwa mzaha. "Napelekwa kwa yule mlima mahindi," Koko akasema. Hakuna aliyejua nini kimempata. Mimi niliona ni ndoto alizoota.

Zahanati haikuwa na chumba cha kutosha, kwa hiyo walikuwa wamehamia darasa la jirani. Meza mbili zimeunganishwa, juu yake godoro jembamba lenye ngozi ya mpira. Kwenye kona jiko la mafuta ya taa linanguruma, juu yake sufuria la presha linafoka mvuke, na ndani ya sufuria hilo vilikuwa vyuma. Nilikaa chini karibu na mlango na sikubanduka. Niliona jambo ambalo lilinishangaza kuliko kisu. Kila mgonjwa alikuwa na vyuma vyake. Nesi alikuwa anafungua kitambaa, humo ndani kuna kibano, mkasi, kisu, sindano iliyopinda, na kile chuma kama kijiko bapa cha kulinda jicho chini ya ngozi, na akishamaliza hakufuta kwenye pindo. Alivitupa vyote kwenye ndoo, na wa pili akafunguliwa vingine. Mipira ya mikononi nayo ilivuliwa, ikatupwa. Nilidhani huyu mama ni tajiri sana.

Zamu ya Koko ilipofika walimfunika uso kwa kitambaa cha kijani chenye tundu moja, na kwenye tundu hilo likabaki jicho peke yake, bila bibi. Sikulipenda. Lilikuwa linazunguka kama kitu kilichonaswa. Sindano ya ganzi ilipoingia, ngozi ilivimba, na miguu ya Koko, iliyokuwa nje ya shuka na bangili zake, ilikazana mpaka vidole vikapandana. Kisu kikapita. Damu ilikuja nyeusi na nyingi kuliko nilivyotegemea, pamba ikainywa, pamba nyingine ikainywa, na kile kichachu na damu na spiriti vikachanganyika hewani mpaka nikatoka nje kutapika, nikarudi. Nesi akashona. Na nilipoona zile nyuzi nyeusi, fupi, ngumu, zimesimama juu ya jicho la bibi yangu, nikapiga kelele kwamba wanamrudishia miguu ya inzi.

Walimfunga jicho kwa bandeji na plasta, wakatupatia kichupa cha marhamu ya manjano. Siku zilizofuata zilikuwa za kuvimba na ukoko, na mimi ndiye niliyekuwa napaka marhamu, na ukoko ulikuwa unanuka. Lakini nilinawa kabla na baada, kwa amri ya nesi, na birika likarudi upande wangu. Nesi aliporudi kutoa nyuzi, Koko alipepesa, akapepesa tena, akasubiri mchanga. Mchanga haukuja. Akatazama nje akasema, "Yule dume mwekundu amekonda, hamumwangalii?" na hivyo ndivyo tulivyojua.

Niliondoka kwenda Endulen muda mfupi baadaye. Koko alinisindikiza mpaka kwenye lango la miiba. Kama ilivyo desturi, mzee akikubariki anakutemea mate, na yeye alinitemea kifuani, viganjani, kisha akashika kichwa changu akanitemea utosini, mate yenye ugoro, ya uvuguvugu. Nilisimama imara. Nilidhani nimesimama imara.

"Hapo tena," akasema, na alikuwa anacheka. "Umezuia pumzi."

Nikamwambia sijazuia.

"Umezuia. Ulikuwa unazuia kila siku. Kichwa changu kipo hapo mapajani kwako, tumbo lako lipo sikioni kwangu, unadhani sisikii? Unainama, pumzi inakata. Ukope unatoka, unapumua pembeni." Alinifuta mate ya utosini kwa kiganja, polepole. "Kile kisu nilikiogopa, mtoto wangu. Nilikiogopa kuliko simba. Lakini ile jioni nilisikiliza, nikasema, huyu anazama kwenye uso wangu. Nenda kapumue."

Nimeishi na maneno hayo miaka yote hii, na watu wakitegemea niseme kwamba yalinifanya niache kinyaa, hapana. Harufu ilikuwa mbaya, na ingekuwa mbaya kwa mtu yeyote mwenye pua. Bibi yangu alilijua hilo na hakuniomba nijifanye. Kinyaa changu ndicho kilichomfikisha kwenye ile meza, na ndicho kilichonifikisha kwenye ndoo yangu. Alikufa akiwa anaona rangi za ng'ombe kwa jicho moja. Lekishon naye macho yake ni mazima, na watoto wake nawapelekea sabuni kila ninapokwenda.

Lakini nesi alisema ugonjwa unaanza na wa umri wa Lekishon, na mimi pia niliwahi kuwa na umri huo, na nilifutwa kwa pindo lilelile. Tangu kiangazi kianze jicho langu la kulia linawasha. Nilijiambia ni vumbi jekundu la Karatu, nani hajui vumbi la Karatu. Nikajiambia ni dawa za kufulia mashuka. Jana nilisimama mbele ya kioo cha bafuni, nikavuta ngozi, nikauona. Mmoja tu, mwembamba, umelala ndani.

Sikugusa kile cha Koko. Kipo kwenye bati juu ya kabati, kimefungwa, na sijui nitakifanya nini. Nilichukua kibano changu cha nyusi, nikakichemsha kwenye sufuria mpaka maji yakakaribia kuisha, nikakipangusa kwa spiriti, nikamwita binti yangu Neema aliyekuwa anafanya kazi za shule mezani. Ana miaka kumi, macho makali, vidole vidogo.

"Mama, nifanye nini?"

"Kuna ukope umenigeukia. Uvute taratibu, usiukate."

Nikakaa kwenye kiti, nikalaza kichwa nyuma. Chumba kilikuwa kisafi, mikono yake ilikuwa safi, hakukuwa na inzi hata mmoja ndani ya nyumba ile. Akainama. Uso wake ulikaribia mpaka nikaacha kuuona, nikabaki na harufu ya sabuni yake na machozi yangu mwenyewe yanayoteremka kwenda sikioni. Na hapo nikasikia, waziwazi, karibu kabisa na uso wangu, pumzi ya mwanangu imekata.

Nikamshika mkono nikauondoa.

"Mama, ngoja, nimeshaukamata!"

"Uache. Kesho naenda hospitali wakanikate." Alibaki ameinama palepale, kibano hewani, mashavu yamejaa. "Pumua, mama," nikamwambia. "Pumua."